Ihefu haijalala

Mbarali, wilaya ya mpunga mkoani Mbeya, utaisikia sana kauli hii: ardhi isiyolimwa imelala, na maji yasiyoingia majarubani yamepotea bure. Hayapotei. Maji ya bonde la Usangu hukusanyika Ihefu, ardhioevu inayoyashika kama sifongo na kuyaachia mto Ruaha Mkuu polepole, hadi kwenye mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kuanzia 1993 mto ulianza kukauka kiangazi. Viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope.

Gunia la mpunga huingia kwenye pato la taifa (na mchele wa Mbeya, tukubali, hauna mpinzani). Mto uliokauka hauingii popote. Simon Kuznets, mchumi aliyeandaa hesabu hizo za pato Marekani, alionya tangu 1934 kwamba hazipimi ustawi.

Kufunga banio, lango linaloingiza maji ya mto majarubani, baada ya mavuno hakupunguzi gunia hata moja, na maji hubaki mtoni.