Je, wajua kwa nini Mkristo akiulizwa sababu ya kumwamini Mungu hatimaye hukupeleka kwenye kaburi la Yesu?

Katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani, Waebrania 11:1 inasema imani "ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Wengi hulipita haraka hilo neno bayana. Asili yake ni Kiarabu, na mbele ya kadhi lina kazi maalumu: ni ushahidi anaouleta mdai ili dai lake likubaliwe. Mstari ambao watu huutaja kuonyesha kwamba imani ni kufumba macho umebeba neno la mahakamani. Kwa hiyo ni haki kabisa kumuuliza Mkristo: bayana yako iko wapi?

Wengi watajibu kwamba walilelewa katika imani hiyo, au waliomba wakajibiwa. Hizo ni sababu za kweli, na zimegeuza maisha ya watu. Ila maombi yaliyojibiwa ni bayana kwa aliyeomba. Jirani yake hana namna ya kuyapima.

Wengine huanzia kwenye uumbaji: kila kilichoanza kuwapo kina kilichokisababisha, ulimwengu ulianza, basi nao una kilichousababisha. Hoja hii ina nguvu, na si ya Wakristo peke yao. Al-Ghazali, mwanazuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 1111, aliitetea kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1927 padri Mbelgiji Georges Lemaître alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianzia kwenye kitu kimoja kidogo mno. Hata hivyo Lemaître hakupenda nadharia yake igeuzwe kuwa hoja ya dini. Naye Thomas wa Akwino, aliyefundisha katika karne ya 13 kwamba akili inaweza kujua kuwa Mungu yupo, alikataa kwamba akili peke yake inaweza kuthibitisha kuwa dunia ilikuwa na mwanzo. Hata hoja ikikubaliwa yote, inakufikisha kwa Muumba ambaye Mwislamu na Myahudi pia wanamkiri. Habari za Yesu bado hazijaguswa.

Ndiyo maana Paulo hakuishia hapo. Aliandika: "Na kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure" (1 Wakorintho 15:17). Alitaja mwenyewe mahali ambapo, pakibomoka, nyumba yote inaanguka.

Sasa tupige hesabu ya miaka, maana bayana yenyewe imo humo. Matendo 18 inasema Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na kwamba alishtakiwa mbele ya Galio, liwali wa Akaya. Huko Delphi, Ugiriki, yalipatikana maandishi ya jiwe yenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio, na kwa hayo uliwali wake unawekwa karibu na miaka 51 na 52. Waraka kwa Wakorintho uliandikwa baadaye kutoka Efeso, karibu na mwaka 54 au 55. Yesu alisulubiwa chini ya Pilato, aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Wataalamu wengi huchagua mwaka 30 au 33. Pengo, basi, ni miaka kama 25 au pungufu. Ni kama kusimulia leo kifo cha Mwalimu Nyerere cha mwaka 1999: waliokuwapo bado wapo, na ukikosea watakusahihisha.

Lakini maneno yenyewe ni ya zamani kuliko waraka. Soma 15:3-5 kwa sauti: "niliwapa ninyi hasa yale niliyoyapokea mimi nami, ya kuwa Kristo alikufa... na ya kuwa alizikwa. Na ya kuwa alifufuka siku ya tatu... na ya kuwa alimtokea Kefa. Tena na wale Thenashara." Sikiliza huo mpigo wa "na ya kuwa". Ni maneno yaliyotengenezwa ili yakaririwe, kama katekisimu. Kupokea na kukabidhi ndiyo lugha ya walimu wa Kiyahudi walipopokezana mafundisho. Kefa ni jina la Petro kwa Kiaramu. Na neno Thenashara, yaani wale mitume kumi na wawili, Paulo halitumii popote pengine katika nyaraka zake. Hapa ananukuu.

Aliyapokea wapi? Wagalatia 1:18-19 inasema kwamba miaka mitatu baada ya kugeuka kwake alipanda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa siku 15, akamwona pia Yakobo, ndugu yake Bwana. Wawili hao wametajwa kwa majina katika orodha ya waliotokewa. Gerd Lüdemann, msomi Mjerumani ambaye hakuamini kabisa kwamba Yesu alifufuka, aliyaweka mapokeo haya ndani ya miaka michache sana tangu kusulubiwa. Muda huo ni mfupi mno kwa hekaya kukua na kuzima kumbukumbu za waliokuwapo.

Vipi kuhusu kuzikwa? Wako waliodai kwamba msulubiwa hakupewa kaburi, bali aliachwa kwa ndege na mbwa. Mwaka 1968, kaskazini mwa Yerusalemu, lilipatikana sanduku la mawe la kuhifadhia mifupa, limechongwa jina Yehohanan. Ndani yake mlikuwa na mfupa wa kisigino uliopenywa na msumari wa chuma wa urefu wa sentimita 11.5. Ncha ya msumari ilikuwa imepinda, na yaelekea ndiyo sababu haukuchomoleka. Huyu alisulubiwa, na ndugu zake wakamzika kwa heshima. Hilo halithibitishi kaburi la Yesu, lakini linaondoa pingamizi kwamba jambo hilo haliwezekani.

Yakobo anastahili kutazamwa peke yake. Yohana 7:5 inakiri kwamba nduguze Yesu hawakumwamini. Kisha tunamkuta Yakobo akiongoza kanisa la Yerusalemu, na Josephus, mwanahistoria Myahudi ambaye hakuwa Mkristo, anaeleza kwamba aliuawa kwa kupigwa mawe. Ilikuwa mwaka 62. Kumfanya mdogo wako akukiri kuwa Bwana si kazi ndogo. Jambo fulani lilimpata, na orodha ya Paulo inalitaja kwa maneno machache: "baadaye alimtokea Yakobo."

Hapa ndipo watetezi wa imani huharibu kesi nzuri kwa pupa. Husema mitume wote waliuawa kwa sababu ya ushuhuda wao, ilhali tulio na habari zao zenye uzito ni wachache: Yakobo wa Zebedayo, Petro, Paulo na huyu Yakobo. Huhesabu "ndugu zaidi ya mia tano" wa orodha hiyo kama mashahidi 500 waliohojiwa, kumbe tuna shahidi mmoja, Paulo, anayewataja na kusema wengi wao wangali hai. Au humjibu asiyeamini Biblia kwa kusema "Biblia imesema". Na kosa baya kuliko yote ni kumweka Mungu pale tu sayansi ilipokwama, maana sayansi ikipiga hatua Mungu wako anahamishwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la maono: watu wenye majonzi huwaona wapendwa wao waliokufa. Ni kweli huwaona. Lakini kwa kawaida maono hayo humwacha mfiwa akijua mpendwa wake amekufa, wala hayaelezi vizuri Paulo, ambaye hakuwa na majonzi yoyote. Alikuwa akilitesa kanisa. Historia inakufikisha mahali pa kusema watu hawa waliamini kwa dhati kwamba wamemwona. Kutoka hapo hadi "amefufuka" kuna hatua moja zaidi. Aliyekwisha kuamua kwamba hakuna Mungu hawezi kuipiga. Asiyefunga mlango huo huona ndiyo maelezo yanayotosha.

Ukitaka kupima mwenyewe, anza na Wagalatia 1 na 2, kisha 1 Wakorintho 15, kisha Marko 14 hadi 16, ukiishia 16:8, kwa kuwa mistari 9 hadi 20 haimo katika hati mbili kubwa za karne ya 4. Utawaacha wanawake watatu wakikimbia kutoka kaburini, bila kumwambia mtu neno, "maana waliogopa".