"Anakula" Si Jibu Tosha: Namna ya Kufuatilia Ustawi wa Mbwa Nyumbani

Kila inapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wananchi wengi hujitokeza na mbwa wao katika vituo vya chanjo, na sisi madaktari wa mifugo hupata nafasi ya kuwaona mbwa ambao kwa miezi mingine yote hawaguswi na mtaalamu yeyote. Tunaushukuru mwitikio huo. Hata hivyo, katika foleni hiyohiyo tunakutana na mbwa mwenye ufizi uliopauka, mbwa aliyekonda hadi pingili za uti wa mgongo zinahesabika, na mbwa mwenye kidonda cha mnyororo shingoni ambacho kimekwisha kufanya usaha. Tukimuuliza mwenye mbwa habari za mnyama wake, hujibu bila wasiwasi kwamba mbwa ni mzima, kwa sababu anakula.

Ni vyema ieleweke kwamba mbwa mgonjwa anaweza kuendelea kula kwa muda mrefu. Wapo mbwa wanaokula huku figo zimeharibika, huku uvimbe unakua tumboni, na huku nyonga zimechakaa kiasi kwamba kuinuka asubuhi ni mateso. Mfano mmoja tunaouona mara nyingi ni wa mbwa wa ulinzi anayeletwa kwa sababu ya uvimbe mdogo chini ya jicho, ambao wenyewe hudhani ameumwa na nyuki. Ukimfungua mdomo unakuta jino kubwa la juu limepasuka kwa kutafuna mfupa mgumu au mnyororo, na usaha umejipenyeza kutoka kwenye mzizi wa jino hadi chini ya jicho. Mbwa huyo huenda ameishi na maumivu hayo kwa wiki nyingi, na ugali wake amekuwa akiumaliza kila siku, kwa kuumeza bila kuutafuna. Sufuria tupu iliwadanganya wenyewe, ilhali kama mtu angemtazama akila, angeona kwamba anatumia upande mmoja wa mdomo, anadondosha mapande na kuinamisha kichwa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, Na. 19 ya mwaka 2008, inamtaka mwenye mnyama amtunze, na anayemtesa au kumtelekeza anaweza kufikishwa mahakamani na kuadhibiwa. Wananchi wengi wakisikia neno ukatili hufikiria kipigo peke yake. Kumfunga mbwa juani bila maji, kumwacha na kidonda kinachooza na kumnyima matibabu ni mateso pia. Msingi tunaoutumia ni uhuru wa aina tano, uliotokana na ripoti ya mwaka 1965 ya kamati ya Brambell ya Uingereza, iliyochunguza ustawi wa mifugo, na kupangwa rasmi mwaka 1979: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikose mahali pa kupumzika, asiachwe na maumivu, majeraha au maradhi, aweze kuonyesha tabia za asili yake, na asiishi kwa hofu. Mtu aliyemfunga mbwa mchana kutwa kwa mnyororo wa mita moja ili usiku awe mkali amekiuka zaidi ya nusu ya mambo hayo, na ulinzi wenyewe haupati, kwa sababu mbwa wa namna hiyo humng'ata mtoto wa nyumbani kwa urahisi uleule anaomng'ata mwizi. Pilipili na bangi zinazochanganywa katika chakula ili kumtia mbwa ukali humuumiza tumbo na kumvuruga akili. Tunaomba jambo hili liachwe.

Tunachoshauri ni daftari la kawaida la shule, kalamu, na dakika chache kila wiki. Anza na pumzi. Subiri mbwa alale usingizi, kaa mbali kidogo usimwamshe, kisha tazama ubavu ukipanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, andika. Mbwa mzima aliyelala hapaswi kuzidi pumzi 30 kwa dakika. Ikiwa kwa wiki kadhaa aliandikiwa 18 au 20 na sasa anaandikiwa 36 siku mbili mfululizo wakati hakuna joto kali, huenda moyo au mapafu yana shida, nawe umeligundua jambo hilo kabla hajaanza kukohoa.

Ufizi nao utazamwe. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, halafu achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka katika mazingira yetu hutufanya tufikirie kwanza magonjwa ya kupe, na kwa watoto wa mbwa, minyoo. Mkojo ukibadilika kuwa mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi, au damu ikitoka puani bila kuumia, mbwa aletwe siku hiyohiyo, asisubiri mshahara wala Jumamosi. Kwa mbwa ambao ufizi wao ni mweusi kwa asili, tazama ndani ya kope la chini.

Maji yapimwe. Mbwa hunywa takribani mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 atakunywa lita moja na kidogo, pungufu ya hapo kama chakula chake kina mchuzi. Weka maji kwa chombo cha kipimo unachokijua, na jioni pima yaliyobaki. Mbwa huyo wa kilo 20 akizidisha lita mbili kwa siku, shuku figo au kisukari. Na kama ni jike asiyefungwa kizazi aliyetoka kwenye joto (kipindi cha kutaka dume) wiki chache zilizopita, shuku usaha katika mfuko wa uzazi, ambao huua upesi. Uzito hauhitaji mizani ya kliniki: panda kwenye mizani ya nyumbani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Kwa mbwa asiyebebeka, tumia mikono. Mbavu zipapasike chini ya ngozi bila kubonyeza kwa nguvu, lakini zisionekane kwa mbali.

Maumivu ndiyo magumu zaidi kuyatambua, kwa kuwa mbwa halii kila anapoumwa. Mara nyingi hubadilisha mazoea. Aliyekuwa akikimbilia geti linapofunguliwa sasa anainua kichwa tu. Aliyekuwa akilala kibarazani anahamia nyuma ya tangi la maji. Anatweta usiku wa baridi, analamba kifundo kilekile hadi manyoya yanaisha, anasita mbele ya ngazi mbili alizozipanda maisha yake yote. Tukiuliza tunaambiwa ni uzee. Uzee ni umri, wala haumfanyi mbwa achechemee. Anachechemea kwa sababu kiungo kinauma, na maumivu ya viungo yana dawa. Dawa hizo lakini si zile zilizo kwenye kabati lako. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac zilizotengenezwa kwa ajili ya watu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo, kuharibu ini au kuua figo zake, na mwenye kumpa hufanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Hapa niongeze jambo linalotusikitisha sana. Oili chafu ya gari haitibu ukurutu. Inaunguza ngozi, mbwa anailamba, na sumu inaingia mwilini. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe inayokadiriwa kwa macho: mbwa huletwa akitetemeka, udenda unamtoka, na baadhi yao hatuwahi. Nalo pumba la mahindi yaliyoota ukungu, ambayo familia imekataa kuyala, lisipelekwe kwa mbwa, kwani sumukuvu inaharibu ini lake kama inavyoharibu la binadamu. Maelezo haya tumeyarudia katika kila kampeni, na bado kila kampeni tunapokea mbwa waliopakwa oili.

Wapo pia wanaosema dini yao haiwaruhusu kumgusa mbwa, hivyo hawawezi kumfuatilia. Tunaheshimu suala la najisi. Kuhesabu pumzi, kupima maji na kutazama mwendo hakuhitaji kumgusa, na Waislamu wenyewe wanaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake.

Ufuatiliaji huu una mpaka mmoja ambao hauvukwi. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayeshindwa kufunga mdomo huku udenda unamtoka, anayebweka kwa sauti iliyopooza au kuyumba, asifunguliwe mdomo kutafuta mfupa uliokwama. Kichaa cha mbwa huonekana hivyo, na dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mfungie mbwa mahali pa usalama bila kumshika, kisha toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata, ambaye ataifikisha kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Aliyeng'atwa, kukwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Mbwa mzima aliyemng'ata mtu asiuawe na wananchi. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, tarehe ya kung'ata iandikwe, na mtaalamu aelezwe mabadiliko yoyote. Akifa ndani ya siku hizo asizikwe kabla mtaalamu hajafika, kwa kuwa ubongo wake ndio utakaothibitisha ugonjwa maabara. Tunasisitiza utaratibu huu kwa sababu mbwa akishauawa na kutupwa, daktari wa binadamu hubaki bila taarifa anayoihitaji kuhusu mgonjwa wake. Cheti cha chanjo, chenye tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo na sahihi ya mchanjaji, kihifadhiwe ndani ya daftari lilelile.

Kwa mbwa mzee sana au mwenye ugonjwa usiopona, kipo kipimo kilichotolewa mwaka 2004 na Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama nchini Marekani. Hutazama mambo saba: maumivu pamoja na pumzi, kula, maji mwilini, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, na jumla inayozidi 35 huhesabiwa kuwa maisha yanayokubalika. Kwa maoni yangu mwelekeo wa alama kwa wiki kadhaa una maana kuliko alama za siku moja, na zitolewe na watu wawili wa nyumba hiyo kila mmoja kivyake, kwa sababu anayempenda mbwa zaidi huwa mgumu kuona anavyodhoofika.

Alama zikiendelea kushuka licha ya matibabu, njoo tuzungumze mapema kuhusu kumpumzisha. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na hufanywa kwa sindano inayompoteza fahamu mbwa kabla moyo haujasimama. Kumwekea sumu kwenye nyama, kumpiga rungu au kumpakia kwenye gari na kumwacha porini ni ukatili, na anayefanya hivyo atashughulikiwa kwa mujibu wa sheria. Mwenye mbwa anaruhusiwa kukaa naye na kumshika kichwa hadi mwisho. Wengi huona aibu kuomba, nasi tungependa waombe. Baada ya hapo mzoga uzikwe mara moja katika shimo la kina kisichopungua mita moja, mbali na kisima, wala usitupwe dampo, kwa kuwa dawa hubaki ndani ya nyama na mbwa wengine, tai na kunguru watakaoila wanaweza kufa.