Moyo kwenda mbio baada ya UVIKO-19: upimwe ukiwa umesimama

Tukielekea Siku ya Moyo Duniani, Septemba 29, tunawakumbusha wananchi jambo ambalo kliniki za moyo hukutana nalo mara kwa mara. Mtu aliugua UVIKO-19, homa na kikohozi vikaisha, lakini tangu hapo kila akisimama moyo unamwenda mbio, kichwa kinakuwa chepesi, miguu inamwaka moto na mambo madogo yanamtoka akilini. Bahasha yake ya vipimo imejaa: ECG (kipimo cha umeme wa moyo) safi, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) safi, presha 120/80. Ameambiwa ana wasiwasi, au amerogwa.

Vipimo hivyo vilifanywa akiwa amelala au ameketi. Shida yake huanza akisimama.

Mtu yeyote akisimama, damu kati ya mililita 500 na 800 hushuka kwenye miguu na tumbo. Neva zinazojiendesha zenyewe hubana mishipa papo hapo ili damu irudi juu. UVIKO-19 unaweza kuziathiri neva hizo, hasa zile nyembamba, na pia ukuta wa ndani wa mishipa ya damu. Mishipa isipobana vizuri, moyo hufidia kwa kwenda kasi. Kwa hiyo moyo wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa na mgonjwa akawa mgonjwa kweli. Hali hii ya moyo kwenda mbio kupita kiasi mtu akisimama madaktari huiita POTS.

Kipimo chake hakihitaji mashine kubwa, hata zahanati inaweza. Kifanyike asubuhi, kabla ya chai, kahawa au sigara. Lala chali dakika 10, kisha upimwe presha na mapigo. Simama bila kuegemea wala kuchezesha miguu, upimwe tena dakika ya 1, 3, 5 na 10, kila namba iandikwe. Awepo mtu pembeni, na ukihisi kuzimia kipimo kisitishwe. Mapigo yakipanda 30 au zaidi kwa dakika (40 kwa wenye miaka 12 hadi 19) na yakabaki juu bila presha kushuka, na dalili zina miezi 3 au zaidi, mwelekeo ni POTS. Namba ya juu ya presha ikishuka 20 au ya chini 10 ndani ya dakika 3, hilo ni tatizo jingine, mara nyingi la dawa za presha au za kukojoza.

Kipimo huharibika kwa mambo madogo: mgonjwa anaongea, anahamisha uzito mguu kwa mguu, au kifaa cha kidoleni kimewekwa kwenye kucha yenye piko au rangi. Kabla ya kusema ni UVIKO-19, daktari ahakikishe kwanza kuwa si upungufu wa damu, tezi la shingo, sukari, ujauzito wala TB.

Matibabu huanza na maji lita 2 hadi 3 kwa siku na soksi za kubana zinazofika kiunoni. Za kuishia gotini hazitoshi. Chumvi huongezwa kwa maelekezo ya daktari tu. Mwenye presha ya kupanda, figo au moyo uliochoka asiiguse. Na tafadhali, acheni kununua propranolo (dawa ya kupunguza kasi ya moyo) kwa sababu jirani ilimsaidia! Mwenye pumu inaweza kumbana kifua hadi kumuua.

Mazoezi yaanze ukiwa umelala au umeketi, dakika 5. Uchovu ukikuzidia kesho yake au keshokutwa, punguza. Kujikaza hapa kunaumiza. Aliyethibitika kuvimba misuli ya moyo asifanye mazoezi mazito miezi 3 hadi 6, hata akijisikia mzima.

Wapo wanaosema aliyeugua nyumbani tu hana la kuogopa. Si kweli. Utafiti wa wanajeshi wastaafu wa Marekani zaidi ya 150,000, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba hatari ya kiharusi na moyo kushindwa kazi ilikuwa juu mwaka mzima baada ya maambukizi, hata kwa ambao hawakulazwa. Maumivu ya kifua, kuzimia ukiwa kwenye shughuli, uso kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito: nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri rufaa.

Kwa wafanyakazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mwajiri halazimiki kulipa bila cheti cha daktari aliyesajiliwa, au mtaalamu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri hapaswi kumkataa mtaalamu huyo bila sababu ya msingi. ED (cheti cha kupumzishwa kazi kwa ugonjwa) ya kughushi ni kosa la jinai. Mwombe daktari aambatanishe namba za kipimo cha kusimama, maana afisa utumishi akiona ECG safi peke yake atauliza unaumwa nini.