Geuza Karatasi ya Kura, Fedha za Barabara Ziko Nyuma

Siku ya uchaguzi Marekani, wengi wetu hupigia kura rais, seneta na gavana, kisha tukarudisha karatasi. Chini kabisa, mara nyingi upande wa pili, hubaki maswali yaliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria: je, unakubali kodi hii kwa ajili ya barabara? Mimi ni mhandisi wa barabara, na ninawaomba ndugu zangu wasemaji wa Kiswahili mlio raia wa huku, mnaoendesha malori na teksi na mnaokwenda zamu za usiku, msiliache swali hilo wazi.

Nyumbani hatukulizoea. Kenya ilipopandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024, hakuna aliyekwenda kituoni kupiga kura. Huku, katika majimbo na miji mingi, mpiga kura ndiye anayeulizwa.

Niseme kwanza kwa nini barabara inadai fedha kila mwaka. Lami huanza kuharibika kwa ufa mwembamba. Maji hupenya, hulowesha kokoto za chini, na lori likipita tabaka hutikisika na kulegea. Kwenye majimbo ya baridi maji hayo huganda na kutanuka kwa takriban asilimia 9, yakainua lami. Yakiyeyuka hubaki uwazi, na gurudumu linalofuata hulifungua shimo. Ufa ukizibwa mapema kazi ni ya siku chache. Ukiachwa hadi msingi uoze, unachimbua barabara yote na kuanza upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta: katika kazi yetu methali hii ni kweli neno kwa neno.

Fedha zenyewe hutoka zaidi kwenye mafuta, na hapo ndipo penye tatizo. Kodi ya serikali kuu ya Marekani kwa petroli ni senti 18.4 kwa galoni, na haijabadilika tangu 1993. Ni senti, si asilimia, kwa hiyo bei ya saruji, lami na mishahara ikipanda, kodi inabaki palepale. Magari nayo siku hizi yanakunywa kidogo, na ya umeme hayanunui petroli kabisa. Majimbo hayana budi kujaza pengo.

California ilifanya hivyo mwaka 2017. Bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoongeza senti 12 kwa galoni ya petroli, pamoja na ada za magari, ili kupata zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka. Watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: tutajuaje hazitahamishiwa kwingine? Juni 2018 likaja swali la kura liitwalo Pendekezo la 69, lililoweka kwenye katiba ya jimbo kwamba yale mapato mapya ambayo hayakuwa na ulinzi yatumike kwenye usafiri tu. Karibu asilimia 81 walikubali. Novemba mwaka uleule likaja Pendekezo la 6, lililotaka kuifuta kodi hiyo. Hapa angalieni sana: aliyetaka barabara zitengenezwe alipaswa kujibu HAPANA. Asilimia 57 hivi walijibu hivyo na fedha zikabaki. Ukiona neno "barabara" ukakimbilia NDIYO bila kusoma, unaweza kupiga kura dhidi ya jambo lako mwenyewe.

Michigan ilikwenda kinyume. Mei 2015 wapiga kura wapatao asilimia 80 walilikataa pendekezo la barabara, ingawa mashimo walikuwa wakiyaona kila siku. Kodi ya mauzo ingepanda kutoka asilimia 6 hadi 7, na ndani ya furushi hilohilo kulikuwa na mambo ya shule na nafuu ya kodi kwa wenye kipato kidogo. Siwalaumu. Pendekezo linalostahili kuungwa mkono husema wazi fedha zinatoka wapi, zinakwenda wapi, na kufuli la kuzilinda liko wapi. Likiwa na hayo matatu, naomba mliunge mkono kwa kura yenu, na muwaambie na majirani.

Najua senti 12 si kitu cha kupuuzwa na anayelea watoto wanne. Lakini pigeni hesabu. Anayetumia galoni 50 kwa mwezi analipa dola 6 zaidi. Kwa fedha hiyo hupati hata tairi moja, achilia mbali rimu na shokapu zinazokufa shimoni.

Jambo moja la tahadhari. Mwenye kadi ya kijani asijaribu kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa. Kwa asiye raia hilo ni kosa la jinai na linaweza kumfukuzisha nchini. Yeye asome, aeleze wengine, awapeleke kituoni kwa gari lake.

Na raia anayesoma Kiingereza kwa shida sheria inamlinda: anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ila asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Basi mpeleke mama, mpeleke mzee wako. Msomee pendekezo hadi mstari wa mwisho, mweleze NDIYO ina maana gani na HAPANA ina maana gani, kisha mwachie kalamu.