Maji kwenye rangi sio kuchakachua

Wiki hii tena. Dogo mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma, kaniletea zimwi lake nilione, kisanamu kidogo tunachopaka rangi kwa brashi, na kabla sijafungua mdomo anajitetea, "Kaka mi sijachakachua, nimepaka hivyohivyo ilivyotoka kwenye kichupa." Nikalitazama mdomoni. Zimwi lile lina meno sita ya chini, nalijua maana na mimi ninalo, ila la kwake lilikuwa na bonge moja jeupe kama limejaza ugali halijameza.

Jamani hii habari kwamba ukitia maji kwenye rangi umechakachua nimeisikia mpaka basi. Maziwa ukitia maji umechakachua, sawa, petroli ukitia mafuta ya taa umechakachua, sawa, kwa sababu ulichoongeza kinabaki mlemle na mteja anakinywa au injini inakichoma. Kwenye rangi ya akriliki maji hayabaki! Yanakauka yanaenda zake, kinachobaki ni unga wa rangi na ile plastiki inayoushikilia, na ikishakauka hata uimwagie maji hairudi kuwa rangi tena. Sasa umeiba nini? Umepunguza unene tu, na unene ndo unaoua sanamu. Nenda gereji, rangi ya gari inatiwa thina kabla ya kupulizwa, fundi nyumba naye kwenye plasta mpya mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, anauongeza maji, hamna anayemwambia kachakachua, na ukuta wenyewe hauna meno. Sisi kwenye visanamu vyetu mtu mzima ana urefu wa kama milimita 28, mfereji kati ya jino na jino haufiki hata nusu milimita, mkono mmoja mzito ukipita pale mfereji umefukiwa.

Kuosha na sabuni, kukwangua mistari inayoachwa na moldi (kalibu ya kutengenezea sanamu), praima ile rangi ya kutanguliza ili nyingine ishike, hayo fanya, sielezi leo. Ila praima ya kopo kwa hapa Kigoma wakati wa mvua usipulize hewa ikiwa na unyevu, inatoka na ukungu mweupe, mi napuliza asubuhi jua likishakolea, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuleta vumbi.

Rangi yenyewe iwe kama maziwa fresh, sio mtindi. Naanza na tone kwa tone, afu napaka mstari nyuma ya mkono wangu: ikikimbilia kwenye vimistari vya ngozi maji yamezidi, ikisimama kama dawa ya meno haijafika. Chovya nusu ya manyoya tu, gusa kwenye tishu, ndo uende kwenye joho la sanamu, na uvute brashi kuelekea pale unapotaka giza, kwa sababu rangi inarundikana unapoinulia brashi. Mkono wa kwanza utakuwa mbaya, praima inaonekana, mabakamabaka, na hapa ndo watu wanapoogopa wanarudi kuongeza rangi ikiwa mbichi. Acha! Rangi iliyokauka nusu ukiigusa inachanika, inaacha makovu. Subiri ikauke kabisa, mkono wa pili, ikibidi wa tatu.

Kipimo kamili sina. Wengi wanasema maji yasizidi nusu, na mi nimeshazidisha sana kwenye vivuli vya ngozi vikashika vizuri tu, afu kuna ngao nilifanya vilevile ikaanza kutoka unga nikiisugua na kidole. Na njano, nakiri, bado inanisumbua mpaka leo, juu ya praima nyeusi unaweza kupaka mikono sita na isifunike, kwa hiyo siku hizi natanguliza kahawia iliyopauka au pinki, na hata hivyo mara nyingine inagoma.

Zimwi la dogo tuliliokoa. Ni la plastiki, tukaliloweka kwenye Dettol isiyotiwa maji usiku kucha, kesho yake tukavaa glavu tukasugua na mswaki wa zamani, na bado tunachovya Dettol hiyohiyo, maana ukiwahi kuweka maji ile rangi inageuka ulimbo unaonata kila mahali. Alipoona mswaki umeshaacha kutoka na rangi ndo nikamruhusu asuuze na maji ya sabuni. Akalisogeza dirishani, akahesabu kwa ncha ya kijiti cha meno. Sita.