Dhana potofu kuhusu kutoa mada na kufundisha kwenye mikutano ya wasimamizi wa mifumo

Seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, zikiwa nzima, hakuna anayemkumbuka msimamizi wa mifumo anayezitunza. Zikianguka, simu yake haipumziki. Labda ndiyo maana mtu wa kazi hii akiombwa asimame mbele ya wenzake aeleze anachokifanya, huwa na visingizio vingi. Baadhi nimewahi kuvitoa mwenyewe. Hivi hapa, pamoja na dhana nyingine potofu, kila moja na jibu lake.

"Jukwaa ni la magwiji." Kamati ya kuchagua mada haimsaki aliyebuni mfumo. Inamtaka aliyekumbana na tatizo, akahangaika nalo, na anaweza kueleza alivyolitatua. Chukua mfano wa MRTG, programu ya kuchora grafu za matumizi ya mtandao. Tobias Oetiker alianza kuiandika miaka ya 1990 kwa sababu pale alipokuwa akifanya kazi palikuwa na laini moja tu ya intaneti, ya kilobiti 64 kwa sekunde, na kila mtu alitaka kujua imelemewa kiasi gani. Mwaka 1998 aliiwasilisha LISA, mkutano wa wasimamizi wa mifumo ulioendeshwa na USENIX, shirika la wataalamu wa kompyuta, kuanzia 1987 hadi 2021. Mwaka uliofuata Martin Roesch aliwasilisha hapohapo Snort, programu nyepesi ya kunasa wavamizi wa mtandao. Zote mbili zilikuja kutumika duniani kote, lakini kila moja ilianza kama dawa ya kero ya aliyeiandika.

Pendekezo la mada likikataliwa, mara nyingi kasoro si elimu ya mwombaji. Ni muhtasari usiosema msikilizaji ataondoka na nini. "Nitazungumzia ufuatiliaji wa seva" haimwambii mhakiki chochote. "Tulikuwa tukipokea tahadhari nyingi kila usiku; nitaonyesha tulizozifuta na kwa nini" inamfanya asogeze kiti.

"Makosa yetu ni siri yetu." Wasikilizaji wa mikutano hii wamewahi kufuta kitu wasichopaswa kukifuta. Ukiwaletea ushindi mtupu, watafungua kompyuta zao na kusoma barua pepe. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watu msimbo wa programu zao, alifuta saraka (folda) ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Walipogeukia nakala rudufu, waligundua kwamba kati ya njia tano walizokuwa nazo, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla, na data ya saa hizo sita ikapotea. Kampuni ilieleza yote hadharani, tena ilirusha kazi ya urejeshaji mubashara. Watu bado wanajifunza kutokana na tukio hilo, na kilicho muhimu kwao si jina la mhandisi. Wanachobeba ni swali la kwenda kuuliza kazini: sisi mara ya mwisho kujaribu kurejesha nakala zetu ilikuwa lini?

Hata hivyo, omba ruhusa ya mwajiri kabla ya kutuma pendekezo, si usiku wa kuamkia mkutano. Kagua pia kila picha ya skrini. Anwani za ndani, majina ya wateja na hata funguo za siri hupenya kwenye slaidi bila mwenyewe kujua.

"Anayejua kuzungumza anajua kufundisha." Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Mada ya dakika 45 ni jambo moja. Warsha ya nusu siku yenye mazoezi ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwataka watu wagonge meza kwa mdundo wa nyimbo zinazojulikana, wengine wasikilize na kuzitaja. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani. Mwenzake anasikia ko-ko-ko. Mwalimu anayeandika amri kumi mfululizo huku akisema "hii ni rahisi" ni mgongaji huyohuyo.

Darasani adui wa kwanza ni maandalizi ya kompyuta. Watu thelathini wakianza kupakua faili moja kubwa kwa wakati mmoja, mtandao wa ukumbi unazimia, na saa nzima inaliwa kabla ya zoezi la kwanza. Watumie maelekezo siku kadhaa kabla, beba faili kwenye flashi, au waandalie seva za mazoezi ambazo mtu anaingia tu. Kila zoezi liwe na mahali pa kuanzia upya, ili aliyekwama kwenye la pili asiliangalie la tatu kwa mbali. Kisha punguza somo. Darasa langu la kwanza nilibeba slaidi za siku mbili nikazipigia mbio kwa saa tatu. Mwishoni aliyekuwa bado ananifuata ni mmoja, naye alikuwa akiyajua yote tangu mwanzo.

"Onyesho la moja kwa moja halina mbadala." Video iliyorekodiwa inatosha, na haitegemei mtandao wa ukumbi. Ukiamua kuonyesha mubashara, kuza herufi za terminali, dirisha la kuandikia amri, hadi uone aibu, na uwe nayo hiyo video mkononi.

"Lazima ujibu kila swali." Sema hujui, uliza kama kuna anayejua ukumbini. Mara nyingi yupo.

"Aanze na mada fupi, ni rahisi." Inategemea fupi ipi. Mtindo wa Ignite una slaidi 20, na kila moja hujibadilisha yenyewe baada ya sekunde 15. Ukijikwaa kwenye ya saba, ya nane imeshafika. Anayeanza afadhali aombe dakika tano za kawaida, ambapo slaidi anazisogeza kwa mkono wake.