Kuongeza jeni za HXT siyo kuongeza spidi

Jamani, nimeulizwa tena: tukiongezea hamira jeni za HXT, zile za kuingiza sukari ndani ya seli, si itachachusha haraka? Hapana, siyo moja kwa moja hivyo. Saccharomyces cerevisiae, yaani hamira yenyewe, tayari ina HXT1 mpaka HXT17 na GAL2 (ya galaktosi) juu yake, ukifuta HXT1 mpaka HXT7 ndo inashindwa kukua kwenye glukosi, kwa hiyo uhaba wa jeni siyo shida yake.

Cha kuuliza ni kisafirishaji kipi, yaani protini inayotokana na jeni hizo, kiko kwenye utando wa seli saa hizi. Hxt1 inashika glukosi kilegevu, Km yake (kiwango cha sukari kinachoifikisha nusu ya kasi yake ya juu) kama milimola 100, Hxt7 inashika vikali, milimola 1 hivi. (Namba hizo nyingi zimepimwa kwa sekunde chache kwenye hamira za maabara zilizobakizwa kisafirishaji kimoja, mimi kuzihamishia kwenye tanki bado nasitasita.) Snf3 na Rgt2 ni vihisio, zinanusa tu glukosi huko nje, haziiingizi, tuendelee.

Sasa hapa ndo watu wananichosha. Mtu anaichukua HXT7, anaifunga kwenye promota kali (swichi ya kuwasha jeni), anaona RNA, nakala za jeni, imejaa anashangilia. Halafu glukosi inapanda, kimeng'enya Rsp5 kinabandika yubikwitini (alama ya kuondolewa), Hxt7 inavutwa ndani mpaka kwenye vakuoli, jalala la seli, inasagwa. Promota yako inatengeneza, seli inabomoa, ATP inaliwa kote kote na wewe unalaumu plasmidi (DNA uliyobebea jeni)!

Zailosi, sukari ya mbao na mabua, ndo balaa kabisa. Haina kisafirishaji chake humo, inajipenyeza kwenye hivi vya glukosi, na glukosi ikiwepo zailosi inasubiri maana zinagombea sehemu ileile ya kushikwa, weka Hxt7 hata lukuki ugomvi ni uleule. Kilichosaidia ni kubadilisha kisafirishaji chenyewe: mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba asparajini namba 376 ya Gal2 ikigeuzwa fenilalanini, heksosi (sukari za kaboni sita kama glukosi) hazipiti tena, zailosi inapita. Asidi amino moja tu!

Ila hata hapo tulia. Hxt na Gal2 hazisukumi kitu, sukari inashuka yenyewe kutoka penye nyingi kwenda penye kidogo, sasa kama isomerasi yako ya zailosi (kimeng'enya cha kuigeuza itumike) inasinzia huko ndani, sukari ikishalingana pande mbili mchezo umeisha, hakuna mtiririko tena.

Maltosi nayo (sukari ya kimea) inaingia pamoja na protoni, na pampu Pma1 inalipa ATP kuitoa protoni nje, hesabu zake ni tofauti kabisa, usiniletee HXT pale.